Methali za Bahari na Mwanafunzi wa Voi: Mafunzo ya Siku Moja Bandarini Mombasa

Utangulizi

Muhula wa pili chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala uliotikisa darasa zima. Mada ilikuwa: "Methali za bahari ziondolewe katika mitihani ya shule za bara." Mimi nilikuwa karani siku hiyo, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuandika hoja za pande zote mbili bila kuegemea popote.

Wapendekezi walisema hivi: sisi wa Voi tumezungukwa na vichaka vya Tsavo, mlima Sagalla na mashamba ya mkonge. Mtu akituletea methali ya ndovu au ya ukame, tutamwelewa hata kabla hajamaliza. Lakini tezi, omo na ngama ni vitu gani? Mwanafunzi anazikariri kama kasuku, anaandika maana aliyopewa ubaoni, na mtihani ukigeuza swali kidogo tu, alama zinapotea. Wapinzani nao wakajibu: kwani bahari iko Ulaya? Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 160 tu, yaani karibu nusu ya mwendo wa kwenda Nairobi.

Kura zilipopigwa, pande zote zilikaribiana sana. Mwalimu wetu mlezi akasema kura haiwezi kukata shauri juu ya kitu ambacho wengi wa wapiga kura hawajakiona. Basi ikaamuliwa twende tukaone. Shule yetu ni ya kutwa na si wazazi wote wana uwezo, kwa hivyo tuliuza mahamri na viazi karai wakati wa mapumziko muhula mzima ili asiachwe mwanachama yeyote kwa sababu ya nauli. Hakuachwa hata mmoja.

Makala haya si hadithi ya matembezi. Ni mafunzo tuliyoyapata siku hiyo, nami nimeyapanga kwa vichwa ili yamsaidie hata yule ambaye hakuwa chamani.

Njiani: barabara nayo ni kitabu

Basi la kukodi liliondoka Voi saa kumi na nusu alfajiri. Tulipita Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani na Mazeras, kisha Miritini na Changamwe, ndipo tukaingia kisiwani. Naam, kisiwani! Wengi husahau kwamba mji wa Mombasa wa asili ni kisiwa.

Karibu mwendo wote reli ilikuwa jirani yetu. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na mwaka wa 1898 ndipo simba wa Tsavo walipowala wafanyakazi wake. Reli mpya, ile ya SGR, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo ina kituo hapa Voi. Halafu kuna malori ya kontena! Mwenzetu mmoja alianza kuyahesabu huko Maungu, na kabla hatujafika mizani ya Mariakani alikuwa amechoka akaacha. Malori hayo mengine yanaenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Yote yanapita hapa mlangoni petu. Tukaanza kushuku kwamba bandari haianzii Mombasa. Huenda inaanzia hapa hapa Voi, ila hatujui.

Bandari ya Kale: mahali methali zilipozaliwa

Mombasa ina bandari mbili. Ya kwanza ni Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, chini ya Mji wa Kale. Hapo ndipo majahazi yamekuwa yakitia nanga kwa karne nyingi. Yalikuja kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi, ambazo huvuma takriban Desemba hadi Machi, yakaondoka kwa pepo za kusi zinazoanza mnamo Aprili. Yalileta tende, mazulia na vyombo vya udongo, yakarudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Maneno nayo yalikuja ndani ya shehena hiyo. *Bandari* na *nahodha*, kwa mfano, ni maneno yenye asili ya Kiajemi.

Siku hizi vyombo vingi vina mashini na matanga yamepungua, lakini bado vipo. Tulisimama juu ya ukuta tukaviangalia. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia alikubali kutufundisha. Alichukua ganda la dafu likawa ndiyo jahazi letu la darasani. Haya ndiyo tuliyoandika:

*Omo* ni sehemu ya mbele ya chombo.
*Tezi* ni sehemu ya nyuma, anapokaa mshika usukani.
*Ngama* ni tumbo la chombo, chini katikati, mahali maji yanapokusanyika yakangojea kukumbwa nje.
*Mlingoti* ni nguzo inayobeba tanga.
*Foromali* ni boriti ya mshazari ambayo tanga hufungwa.
*Mrama* ni kule kuyumba kwa chombo upande huu na huu.
*Kukalafati* ni kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie.

Sasa tuzichukue methali moja moja.

*Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.* Baharia anaweza kwenda nyuma, anaweza kwenda mbele, lakini kazi ya kukumba maji inamwita katikati. Asiporudi ngamani, chombo kinazama na yeye ndani yake. Kwa hivyo ngama si mahali pa kupumzikia tu. Ni mahali ambapo usipopaangalia unaangamia. Tukiwa pale pale, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisema kwamba baba yake alifanya kazi ya kupakua mizigo Mombasa kwa miaka mingi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akipanda basi kurudi Wundanyi, mvua inyeshe isinyeshe. "Basi ngama ni nyumbani kwetu," akasema. Hakuna aliyeongeza neno. Maana hiyo haikuandikwa ubaoni, na sidhani kama kuna aliyekuwepo ambaye ataisahau akiwa katika chumba cha mtihani.

*Ukiona vyaelea, vimeundwa.* Sikiliza neno *kuunda*. Nyumba hujengwa, nguo hushonwa, lakini chombo cha bahari huundwa. Mbao hupindwa, hupigwa misumari, hukalafatiwa, hupakwa mafuta, na ukikosea kidole kimoja tu maji yanaingia. Anayekiona jahazi kikielea hana habari ya jasho la fundi. Vivyo hivyo ukimwona mwenzio amepata A, usiseme ana bahati.

*Manahodha wengi, chombo huenda mrama.* Nahodha mmoja akisema geuza kulia na mwingine akisema kushoto, tanga halijui limtii nani, basi chombo kinabaki kuyumba. Viongozi wa vyama vyetu hapa shuleni wanielewe vizuri.

*Maji yakijaa hupwa.* Hii ni sayansi kamili. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka kujaa hadi kujaa tena huchukua kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana saa za maji hubadilika kila siku. Kinachovuta maji ni mwezi, na jua likimsaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana. Hali hiyo inaitwa *bamvua*. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa viwili hivi hukinzana na maji husogea kidogo tu. Hayo huitwa *maji mafu*. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapo Mombasa hupita mita 3, yaani urefu wa ukuta wa darasa letu! Sehemu inayobaki wazi maji yakipwa ndiyo *upwa*, na hapo methali nyingine inafunguka yenyewe: *Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.* Anayehangaika huko upwani hakosi kitoweo, awe samaki, awe kaa.

Ngome: maneno yaliyoachwa na Wareno

Karibu na Bandari ya Kale ipo Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 ili wailinde bandari, na mchoraji wake alikuwa Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, mpaka wakaiteka. Katika vita hivyo meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka wa 1697. Wapiga mbizi walikuja kuichunguza miaka ya 1970, na vitu vilivyopatikana tumeviona kwa macho yetu katika makumbusho. Mwaka wa 2011 ngome hii iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo tamu ni hili: neno *gereza* linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa, watu wakaiita ngome yote kwa jina hilo, na baadaye ngome ikawa mahali pa kufungia wafungwa. Waingereza nao waliitumia kama jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kanisa likawa gereza! Maneno mengine ya Wareno tunayo nyumbani kila siku: *meza*, *bendera*, *leso*, *karata*. Walioondoka ni wao, maneno yalibaki.

Kilindini: bandari ya vyuma

Bandari ya pili iko upande wa magharibi wa kisiwa. Jina lake linajieleza: *kilindi* ni maji marefu sana, na *Kilindini* ni mahali penye maji hayo. Meli kubwa haziwezi kuingia Bandari ya Kale, kwa hivyo Waingereza waliijenga hii ya Kilindini, na gati za kwanza za maji ya kina zilikamilika mwaka wa 1926. Neno *meli* lenyewe limetoka katika Kiingereza, kwa sababu meli za mvuke za zamani zilibeba barua.

Hatukuingia ndani ya bandari. Tulikaa katika bustani ya Mama Ngina, karibu na mnara wa taa wa Ras Serani, mahali mlango wa bahari ulipo mwembamba. Mara meli ya kontena ikatokea. Wee! Darasa letu lote, ofisi za walimu na jiko zingeingia sitahani na nafasi ibaki. Ilienda polepole, matagi yakiisindikiza. Mwalimu akatueleza kwamba nahodha wa meli ya kigeni haingii bandarini peke yake. Lazima apande *rubani* wa bandari, mtu ajuaye kilindi kiko wapi na mwamba uko wapi. Sisi tulidhani rubani ni wa ndege pekee, kumbe rubani wa baharini ndiye mkubwa wake! Mwaka wa 2014 bandari hii ilipitisha zaidi ya makontena milioni moja kwa mwaka mmoja, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Hapo ndipo tulipoelewa yale malori ya asubuhi.

Lakini bandari si vyuma peke yake. Makontena yalipokuwa hayajaja, kila gunia lilibebwa na bega la mtu. Watu hao waliitwa *makuli*. Januari 1947 makuli na wafanyakazi wa reli waligoma, na mji mzima wa Mombasa ukasimama. Kiongozi wao alikuwa Chege Kibachia. Walidai mishahara inayomwezesha mtu kuishi.

Mwisho tulivuka kwa feri kwenda Likoni na kurudi. Mtembea kwa miguu halipi kitu. *Liko* ni mahali pa kupandia na kushukia vyombo. Tukiwa ndani ya feri, mwalimu alitukumbusha habari ya feri ya Mtongwe, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa, na ufuo ulikuwa karibu. Baada ya hapo hakuna aliyesukumana tuliposhuka. Chombo kina kiasi chake. Hilo nalo ni somo la bandarini.

Je, bahari ni ya watu wa pwani pekee?

Sasa turudi kwenye mjadala. Nikiwa karani sikutoa maoni siku ile, lakini makala haya ni yangu, basi nitoe. Kuna mambo manne yanayotufunga sisi na bahari ile.

Kwanza ni misafara. Kabla ya reli, misafara kutoka Mombasa ilipita nchi ya Taita kwenda Taveta na Kilimanjaro kutafuta pembe. Johannes Rebmann alipita njia hizo za Taita, na Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro wenye theluji. Wapagazi na wafanyabiashara ndio waliopandisha Kiswahili hadi huku kwetu.

Pili ni vita. Mwaka wa 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Ili kuwarudisha nyuma, Waingereza walianza mwaka wa 1915 kujenga reli kutoka Voi kupitia Maktau, na Februari 1916 wakapigana nao katika kilima cha Salaita. Askari na silaha hizo zote ziliteremshwa Kilindini.

Tatu ni mkonge. Nyuzi za mkonge wa Mwatate na Taveta huvuka bahari kupitia bandari hiyo hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni maji. Chemchemi za Mzima ziko katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndani ya Taita Taveta. Mvua hunyesha katika vilima vya Chyulu, maji yanapenya kwenye mawe ya volkano, yanatokea Mzima yakiwa safi kama kioo. Tangu miaka ya 1950 bomba limeyachukua maji hayo zaidi ya kilomita 200, likipita hapa Voi, hadi Mombasa. Mji umezungukwa na maji pande zote lakini hayanyweki. Unakunywa ya kwetu pamoja na yale ya Baricho, Marere na Tiwi. Meli inayojaza maji Kilindini huenda inaondoka na tone la Mzima. Na wakati huo huo, hapa nyumbani, wangapi kati yetu hufika shuleni wakiwa wameshabeba mitungi alfajiri? Watu wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi wafaidike zaidi na chemchemi hii. *Maji ya kifuu ni bahari ya chungu*, walisema wahenga: kidogo kwa mkubwa ni kingi kwa mdogo. Methali hiyo nayo ni ya bahari, lakini aliye na haki ya kuielewa kuliko wote ni yule anayesubiri mfereji udondoke.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: methali za bahari zisiondolewe. Kinachofaa kuondolewa ni mtindo wa kuzikariri bila kuziona. Si lazima kila shule ikodi basi. Ganda la dafu, au hata kibuyu kilichopasuliwa, kinatosha kumwonyesha mtoto tezi, omo na ngama. Na sisi wenyewe tuanze kukusanya methali za milima yetu, za Kidawida, Kisagalla na Kitaveta, tuzifasiri kwa Kiswahili, ili siku moja mwanafunzi wa Lamu naye akune kichwa kwa sababu ya Vuria na Kasigau!

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya bamvua na maji mafu. Mwezi huwa katika hali gani kila mara?
2. Kwa nini chombo "huundwa" wala "hakijengwi"? Toa methali inayohusika na uitungie kisa kifupi.
3. Neno *gereza* lilibadilikaje maana? Taja maneno mengine matatu ya Kireno yaliyo katika Kiswahili.
4. "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama yako wewe ni ipi? Jibu kwa aya moja.
5. Muulize mzee mmoja wa kwenu methali ya lugha ya nyumbani inayotaja maji. Iandike, uifasiri, uilete chamani.

Majibu ya swali la tano yapelekwe kwa karani wa chama. Tunakusudia kuyachapisha katika toleo lijalo.